Mzigo wa Mama Mkwe Haufunguliwi

Jumamosi asubuhi, Masasi.

Huku chini kuna joto kuliko kwetu Newala, hata mwezi wa saba. Nimeamka nikipapasa shali yangu kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba siko nyumbani. Niko kwa binti yangu Zuhura, nimelala kitanda cha mjukuu, miguu ikining'inia nje.

Moyo umetulia nusu. Nusu ya pili ingali kituo cha polisi, pamoja na gari.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, na Zuhura ni mwanangu wa pekee. Mumewe anaitwa Shaibu, baba wa mjukuu wangu Nasri. Ni dereva wa Noah inayobeba abiria kati ya Newala na Masasi. Juzi, Alhamisi, askari wa usalama barabarani walimsimamisha karibu na Chiungutwa, na ndani ya gari lake wakakuta bangi.

Nimeiandika sentensi hiyo bila kutetemeka. Juzi nisingeweza.

Ili nieleweke, lazima nieleze jinsi mimi na mkwe wangu tunavyoishi. Kwetu mwanamume hamkaribii ovyo mama wa mkewe. Hamtazami usoni. Hali chakula mbele yake. Hazungumzi naye moja kwa moja ikiwa pana mtu wa kupokea neno na kulifikisha. Walimu wenzangu husema mambo hayo yamepitwa na wakati, na huenda wanasema kweli. Lakini Shaibu alipoanza kuniamkia akiwa amechuchumaa nje ya ua, macho yakitazama mchanga, sikumkataza. Nilipenda. Mtu akikuheshimu namna ile, unajikuta unaketi wima zaidi.

Nikipata cha kumpelekea Zuhura, nakifunga katika kiroba na kukipeleka stendi. Namkabidhi mtu yeyote aliye karibu na gari, naye anamkabidhi Shaibu aliyesimama hatua chache tu kutoka nilipo. Shaibu anakipokea kwa mikono miwili, anakiweka nyuma, na hakifungui. Mzigo wa mama mkwe haufunguliwi. Hata kuuminya kwa vidole ujue ni nini, hapana.

Safari moja nilituma kuku. Njiani kuku akatoboa kiroba, akatoka, akaanza kutembea juu ya magoti ya abiria. Shaibu alisimamisha gari, akamwomba mama mmoja abiria amkamate na kumrudisha, na yeye mwenyewe akageuka akatazama mikorosho mpaka kazi hiyo ilipokwisha. Walipomuuliza kwa nini asimkamate mwenyewe, alijibu kwamba hajui ndani ya kiroba mna nini kingine. Abiria walimcheka hadi Masasi. Zuhura aliponisimulia, nami nilicheka, peke yangu, jikoni.

Jumatano nilipita stendi. Shaibu alikuwa upande wa pili wa gari, karibu kiasi cha kunisikia nikikohoa. Nikamwambia Chande, mtu mzima mwenye ndevu anayepakia mizigo pale, "Mwambie mkwe wangu kesho nitaleta ming'oko ya Zuhura." Ming'oko ni mizizi ya porini tunayochemsha na kula, Zuhura anaipenda kuliko wali. Chande akapaza sauti, "Baba Nasri! Kesho mkweo analeta ming'oko! Safisha gari!" Watu wakacheka, stendi nzima ikajua.

Alhamisi mama wa Chilangala anayenichimbia ming'oko hakutokea. Nikaona aibu kwenda stendi mikono mitupu kusema kwamba sina kitu. Nikabaki nyumbani nikafua mapazia.

Adhuhuri Zuhura akapiga simu.

"Mama, ulimpa Shaibu nini?"

"Sijampa kitu. Ming'oko haikuja."

"Mama, niambie mimi. Mimi mwanao."

"Zuhura, sijatuma hata jani. Kuna nini?"

Akalia kwanza, kisha akanieleza. Asubuhi Chande alimletea Shaibu kiroba, akamwambia, "Ule mzigo wa mkweo huu." Shaibu akaupokea kwa mikono miwili, akauweka nyuma. Askari walimsimamisha kwa ukaguzi wa kawaida tu: leseni, bima, idadi ya abiria. Wakataka kuona mizigo. Katika kiroba kile ming'oko ilikuwa juu, na chini ya ming'oko vifurushi vya bangi vilivyofungwa kwa plastiki. Kila abiria aliulizwa, kila mmoja akakana. Ndipo askari akamgeukia dereva: mzigo huu wa nani?

Shaibu akasema, "Wangu."

Neno moja tu.

Zuhura alimkuta kituoni akiwa mahabusu. Shaibu alimpa ujumbe mmoja wa kuniletea: nisiende Masasi, nikae nyumbani, nisimwambie mtu lolote, kwa sababu yeye ameshasema kwamba mzigo ni wake.

Naomba mnisamehe, lakini jambo la kwanza nililolihisi ni hasira. Mimi nisiyeonja hata uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake ukifika! Mimi niliyesimama mbele ya watoto wa watu nikiwafundisha madhara ya dawa za kulevya! Mkwe wangu amefikiri kwamba ninauza bangi, na kwamba ninaisafirisha chini ya ming'oko! Nilizunguka uwanja wangu kama mara kumi nikiongea peke yangu.

Kisha nikaketi kwenye ngazi ya jikoni, na hasira ikaniponyoka kabla sijamaliza kuitumia. Nilikuwa nimelifikiria lile neno lake. Angeweza kusema, "Ni wa mama mkwe wangu." Ndivyo alivyoambiwa na Chande, na wala asingekuwa amesema uongo. Askari wangepanda Newala, wangebisha hodi kwangu, wangenipakia kwenye gari lao mbele ya majirani. Alikuwa na muda wa pumzi moja tu kuchagua kati yangu na yeye.

Ijumaa alfajiri nikashuka Masasi.

Nilianzia kwa wakili, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Nilimpenda kwa hilo. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mama, gari ni lake, usukani ni wake, na mdomo wake umesema ni wake. Serikali haihitaji mengi zaidi ya hayo."

Nayaandika aliyonieleza kwa sababu huenda mwingine yakamfaa. Sheria haiulizi kwanza nani aliipanda bangi wala nani angeivuta. Kuibeba barabarani kunaitwa kusafirisha dawa za kulevya, na adhabu yake ni kifungo cha miaka thelathini. Gari nalo laweza kutaifishwa likawa mali ya serikali. Uzito ukizidi kiwango, hata dhamana hakuna. Uzito wa kiroba kile haukufikia huko, na wakili aliniambia nishukuru. Vifurushi hupelekwa maabara ya serikali kuthibitishwa, kisha mwanasheria wa serikali ndiye anayeamua kama mtu atafikishwa mahakamani na kwa shitaka gani.

Dereva anao utetezi mkubwa mmoja: kwamba hakujua kilichomo. Lakini anayesema "wangu" ameubomoa utetezi huo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Akisema sasa kwamba alikosea?" nikauliza.

"Neno alilosema halifutiki. Linaweza kuelezwa tu. Aongeze maelezo, aseme aliupata wapi, aliambiwa ni wa nani, na kwa nini alisema ni wake. Nawe utoe yako. Ila akiendelea kunyamaza ili akulinde, mimi sina la kufanya."

Nasri anaanza darasa la kwanza mwakani. Njiani kwenda kituoni nilijaribu kumwona baba yake akirudi nyumbani baada ya miaka thelathini, na Nasri akimfungulia mlango akiwa na watoto wake. Sikuweza kuimaliza picha ile.

Mpelelezi alikuwa afande mnene, mpole, mtu wa kutoka upande wa Ziwa kwa matamshi yake. Alinipa kiti. Sina neno baya juu yake.

"Mama, wewe ndiye mwenye mzigo?"

"Mimi si mwenye mzigo. Mimi ni mwenye mkwe."

Akamwita Shaibu. Aliingia akiwa na pingu, shati limechafuka begani. Aliponiona, alifanya jambo ambalo sitalisahau. Aligeukia ukuta, akachuchumaa, akainamisha kichwa.

"Simama, bwana," afande akasema. "Unamficha nani uso?"

"Ni mama mkwe, afande."

"Sasa?"

"Siwezi kumtazama nikiwa hivi."

"Wa kwangu ananipigia simu kila Jumapili, ananitukana kwa upole, kisha anaomba vocha." Askari wengine pale mezani wakacheka. Afande akanigeukia. "Haya, mama, zungumza naye."

Nami, niliyeshuka mlima mzima kwa ajili ya mazungumzo hayo, nikajikuta siwezi.

"Afande, mwambie Baba Nasri kwamba mzigo ule haukutoka kwangu."

Alinitazama, akamtazama Shaibu aliyekuwa karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa mwavuli. "Si amekusikia?"

"Mwambie."

"Bwana, mama anasema mzigo haukutoka kwake."

"Mwambie mama, shikamoo."

"Anakwambia shikamoo."

"Marahaba. Mwambie hivi: alidhani mimi nauza bangi?"

Askari mmoja aliyesimama mlangoni alitoka nje upesi, nadhani ili acheke vizuri. Shaibu aliegemeza paji la uso ukutani.

"Mwambie mama sikudhani chochote. Mzigo wa mama sikuwahi kuuwaza. Nilipoona kilichomo, niliona tu kwamba watakwenda kwake. Basi nikasema."

Afande hakurudia. Aliacha maneno yakae mahali yalipofika. Kisha akajifuta jasho shingoni, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mmenifanya simu." Lakini hakuwa amekasirika.

Nilitazama shati lile lililochafuka, na nilitaka kulifua. Hilo ndilo nililolitaka kwa wakati ule, kuliko haki, kuliko sheria.

Nikatoa maelezo yangu. Kwamba Jumatano nilimtuma Chande aseme nitaleta ming'oko. Kwamba Alhamisi sikuwa nayo na sikufika stendi. Kwamba sikumpa Chande mzigo wowote. Nilipokuwa nikisema, ndipo nilipouona ujanja wote. Chande hakuhitaji kumlaghai Shaibu kwa maneno mengi. Alijua kwamba katika barabara yote ya Newala na Masasi kuna mzigo mmoja tu ambao dereva yule hataufungua wala kuuliza habari zake. Na aliyemwambia siku ya kuupeleka mzigo huo ni mimi, tena mbele ya watu.

Heshima yetu ndiyo aliyoitumia kama turubai la kufunikia bangi yake.

Ikaja zamu ya Shaibu kuongeza maelezo. Wakili alikuwa amefika, ameketi kando yake. Alieleza vizuri, bila kuruka: nani alimletea kiroba, saa ya kuondoka, nani walikuwapo. Alimtaja mama muuza vitumbua aliyekaa karibu na gari na kuona yote.

"Chande alikwambia mzigo ni wa nani?"

"Wa mama mkwe."

"Jina lake?"

Kimya.

"Jina la mama mkwe wako, bwana."

"Mama Zuhura."

"Newala mna Mama Zuhura wangapi? Nataka jina lake."

Nilimwona akilowa jasho shingoni. Hapo nikaelewa, na nafikiri wakili naye alielewa, kwa sababu alifunga macho. Jina la mama mkwe halitajwi. Tangu alipomwoa mwanangu, sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake, wala hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilitaja. Hata mtu mwingine mwenye jina kama langu, yeye humwita "yule mama".

"Afande," nikasema, "mimi mwenyewe nimeshalitaja katika maelezo yangu. Lichukue huko."

"Hapana, mama. Haya ni maelezo yake, yatoke kwake. Na siku ya kesi hakimu atamuuliza vilevile. Mahakama haina mama mkwe. Ina majina. Akikaa kimya pale kizimbani, itaonekana anatunga."

Wakili alitikisa kichwa kukubali.

Basi nilisimama. Nilikwenda mpaka pale alipochuchumaa, nikafanya ambalo sijawahi kulifanya. Sikumtuma mtu. Sikumwita Baba Nasri.

"Shaibu."

Mabega yake yalishtuka.

"Umesema uongo kwa ajili yangu ukawa tayari kuozea jela. Sasa sema ukweli kwa ajili ya mtoto wako. Nakuruhusu. Taja."

Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Somoe," akasema, akiuambia ukuta. "Somoe Bakari Nanjota."

Nilidhani analijua jina la kwanza tu. Kumbe analijua lote, na la baba yangu, na la babu yangu, yote katika mpango wake. Alilitamka polepole kama mtu anayeweka chini chungu kilichojaa.

Ikabidi nitoke nje kidogo. Palikuwa na jua kali, na wanaopita walidhani ninalitazama.

Alasiri wakamwachia kwa dhamana ya polisi. Mimi ni mdhamini mmoja, jirani yao ni wa pili. Lazima aripoti kituoni kila wiki mpaka majibu ya maabara yarudi na mwanasheria wa serikali aamue. Gari limebaki pale kama kielelezo, kwa hiyo kazi hana. Chande hajaonekana stendi tangu Alhamisi. Wakili hakunifurahisha kwa maneno matamu: neno "wangu" lingali katika maelezo ya kwanza, limetiwa saini, na litasomwa. Tulichofanya jana ni kuweka jingine kando yake. Atakayeyapima yote mawili ni hakimu.

Kwa hiyo sijui. Naandika hapa kwa uwazi kwamba sijui.

Tulirudi kwa bajaji. Shaibu alikataa kuketi nyuma pamoja nami; akajibana mbele na dereva, mguu mmoja nje, hadi nyumbani. Nasri alimrukia. Zuhura alilishika lile shati akalipeleka kwenye beseni kabla sijalifikia, na nikaona wivu wa kijinga.

Jioni Zuhura alikuja chumbani kwangu.

"Mama, Shaibu anaomba radhi."

"Kwa lipi? Kwa bangi ya watu?"

"Kwa kutaja jina lako."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hivi ndivyo alivyo mtu huyu. Ana miaka thelathini inamning'inia kichwani, na kinachomsumbua ni kwamba amenikosea adabu mbele ya askari.

"Mwambie nimesamehe," nikasema. "Na mwambie hivi: leo alilitaja chini chini, tena akitazama ukuta. Hakimu hatamruhusu atazame ukuta. Atasimama wima, atatazama mbele, na atalitaja mpaka lisikike nyuma ya chumba. Kwa hiyo ajifunze."

"Ajifunze nini?"

"Jina langu."

Zuhura alinitazama kama aliyeona nimechanganyikiwa. Lakini alikwenda akafikisha.

Jumatatu nitapanda Newala kumtafuta yule muuza vitumbua kabla hajatishwa na mtu. Nikimpata, nitamwomba aje mwenyewe kwa wakili, na nauli yake juu yangu. Hilo ndilo azimio langu la wiki hii. Mengine yote yako mikononi mwa watu wenye mamlaka, nami nimezoea kuwa upande ule wa meza, si huu.

Je, nimwambie kwamba desturi hii tuiache sasa, kwamba anitazame usoni, ale nami, afungue mizigo yangu mbele ya stendi nzima? Ile ya mizigo, ndiyo. Leo hii. Nitakifungua kila kiroba mwenyewe mbele yake, nionyeshe kila mzizi. Hayo mengine bado nayafikiria. Ninaogopa kwamba nikiyaondoa, sitajua tena ananipenda kwa njia gani.

Ninapoandika haya, yuko nje nyuma ya jiko, upande ambao dirisha langu halimwoni. Nasri amekaa kwenye ndoo, ndiye hakimu. Nasikia kila kitu.

"Jina la mama mkwe wako?" Nasri anauliza, kwa sauti nzito aliyoitoa sijui wapi.

Kikohozi. Kisha jina langu, lote, hadi la babu.

Nimemtuma Zuhura akamwambie arudie. Sauti bado ndogo.